Mwalimu Yupo

Mama yake Mwalimu Ngeli ndiye aliyekuwa wa kwanza kuketi kwenye benchi la kituo asubuhi ile, kama ilivyokuwa jana na juzi. Mkoba ulikuwa mapajani, simu juu ya mkoba, macho juu ya simu. Askari wa zamu walikwishamzoea kiasi cha kumpita kama wanavyolipita benchi lenyewe. Aliyesimama alikuwa mmoja tu, inspekta wa kike ambaye kituo kizima kilimwita Kobe.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wenzake kwa sababu ya mwendo wake, na kwa sababu akifikiri alikuwa na tabia ya kuzamisha shingo ndani ya kola ya koti. Hakukasirika. "Taratibu ya kobe humfikisha mbali," aliwajibu, nao wakimwona anapanda ngazi huku akipumzika njiani walimalizia wenyewe: "Akifika."

"Yupo," mama alisema hata kabla ya salamu, akamgeuzia simu. "Tazama mwenyewe, mwanangu. Yupo."

Kwenye kioo kulikuwa na picha ya mwanawe: miwani, shati lililofungwa vifungo mpaka shingoni, na tabasamu la mtu aliyekunasa ukikosea. Ndilo lililomletea jina la Ngeli. Alifundisha Kiswahili kwa njia ya Kibao, programu ya simu inayowakutanisha wanafunzi na walimu wa ziada, na sentensi isiyopatana ilimwasha mwili kama upupu. Chini ya picha palikuwa na nukta ya kijani, na kando ya nukta neno moja: Yupo.

Mama aliigusa picha. Simu ikasema: "Karibu. Mwalimu yupo. Tafadhali subiri kidogo."

Sauti ilikuwa ya Ngeli mwenyewe. Wenye Kibao walimrekodi zamani, maneno machache ya kupokea wanafunzi, kwa kuwa alikuwa na sauti ya upole na matamshi safi. Kobe alikwishaisikia mara nyingi tangu jalada hili liletwe mezani pake, na kila mara malaika ya shingoni yalimsimama. Mtu hajaonekana wiki nzima, akipigiwa hapatikani, kitanda chake hakijalaliwa, na bado anakukaribisha.

"Mkubwa wako aliniita jana," mama alisema. "Ananiambia, mama, kama yupo basi hajapotea, amekukimbia tu, nenda nyumbani kapumzike. Nami namuuliza, kama yupo, mbona simsikii akifungua mlango?" Alikifuta kioo kwa upindo wa nguo yake. "Sitaki makubwa, mwanangu. Niambie nimlilie au nimngoje. Vyote viwili kwa pamoja vimenishinda. Usiku namlilia. Asubuhi naliona neno hili, naona haya kumlilia mtu aliye hai."

Kobe aliitazama saa ya ukutani. Mkuu wa kituo alikuwa amempa mpaka jioni. Mtu mzima kumhama mama yake si kosa la jinai, alisema mkuu, na mtu ambaye nukta yake inawaka hatafutwi na polisi. Jalada lifungwe.

"Leo naenda kwa wenye Kibao wenyewe," Kobe alisema.

"Basi twende wote. Nitakaa chini, sitamsumbua mtu."

Mtu angemkatalia vipi?

Ofisi za Kibao zilikuwa ghorofa ya juu kabisa ya jengo refu jembamba, na lifti ilikuwa haifanyi kazi. Kobe aliisoma karatasi iliyobandikwa mlangoni mwake kama mshitakiwa anayesoma hukumu. Iliandikwa kwa wino mzito wa kijani: LIFTI MBOVU. TUMIA NGAZI. HAMNA MTU HUMU.

"Hamna mtu humu," alirudia kwa sauti. "Kwani mzee wangu, mlikuwa na mtu?"

Mlinzi wa mlangoni, mzee mwenye kofia iliyompwaya, alicheka. "Bosi mwenyewe kaandika, afande. Naona kachoka kuulizwa. Kaizima, kabandika karatasi, kasema fundi atakuja uzinduzi ukipita. Uzinduzi umepita, fundi mwenyewe namsikia kwenye simu tu."

"Na hii harufu?"

Ilikuwepo, nzito, chini ya manukato ya maua ya kopo yaliyopulizwa bila huruma.

"Panya. Bosi aliwatilia sumu, nao wamekwenda kufia kwenye matundu yao. Nani atawatoa? Napulizia tu, nangoja wakauke."

"Mwalimu Ngeli unamfahamu?"

"Yule! Nani hamfahamu? Nikisema 'milango hizi' anasimama, haondoki mpaka nimesema 'hii'. Mara ya mwisho nilimwona akishuka kutoka kikaoni, ana hasira zake. Kama alirudi, basi alirudi jioni, na jioni mimi sipo. Jengo linabaki na kufuli, na ufunguo ni wa bosi."

Alikuwa mtu mwema yule mlinzi. Alimtolea mama kiti chake mwenyewe, akakiweka pembeni pasipopita upepo, kando ya mlango wa lifti, na mama akaegemeza bega lake kwenye ule mlango kama mtu aliyechoka. Kobe alipoanza kupanda, simu ilikuwa ikisema nyuma yake, na ngazi zikairudia sauti mpaka juu: Karibu. Mwalimu yupo.

Aliyempokea juu alikuwa msanifu wa programu, binti mwembamba mwenye macho ya kukosa usingizi. Chumba chake kilikuwa na meza ndefu iliyojaa simu za majaribio, na ukutani michoro ya simu kutoka dari mpaka sakafuni, sura ya zamani ya Kibao upande wa kushoto, sura mpya upande wa kulia. Ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya tangu mwaka uanze: kukivua Kibao nguo kuukuu na kukivisha mpya. Kobe alipovuta kiti, goti lake liligonga meza, simu zikaamka moja baada ya nyingine, na chumba kizima kikajaa sauti ya Ngeli. Karibu. Karibu. Mwalimu yupo. Mwalimu yupo. Tafadhali subiri kidogo.

"Samahani, afande," msanifu alisema akizizima moja moja. "Ilitakiwa sauti ibadilishwe. Lakini wa kurekodi mpya alikuwa yeye mwenyewe. Mimi siku hizi sikai humu peke yangu. Zinaamka zenyewe."

"Kikao alichotoka na hasira kilikuwa cha nini?"

"Cha maneno. Yeye aliitwa kama mshauri. Akagombana na bosi."

"Ugomvi wa nini?"

"Wa po, ko na mo."

Kobe alizamisha shingo kwenye kola. "Nieleze kama unamweleza mtoto."

Msanifu alikwenda ukutani upande wa kushoto. "Zamani mwalimu alikuwa na hali tatu. Maneno aliyachagua Ngeli. Akiwa tayari kupokea mwanafunzi, tunaandika 'Yupo'. Akiwa mahali pengine, hapajulikani ni wapi lakini atarudi, tunaandika 'Yuko'. Akiwa ndani ya kipindi, anafundisha, tunaandika 'Yumo'. Alisema lugha yetu imetupa milango mitatu, kwa nini tuzibe miwili? Bosi akasema watu hawana muda wa sarufi. Kwenye sura mpya tumebakiza maneno mawili: Yupo, Hayupo."

"Na Ngeli alikubali?"

"Thubutu! Tukaahirisha. Siku ya uzinduzi nikauliza, je, yale maneno ya Mwalimu Ngeli? Bosi akacheka, akasema asiyekuwapo na lake halipo. Watu wote wakacheka." Aliinamisha kichwa. "Hata mimi nilicheka, afande. Na sasa naliogopa lile cheko."

Kobe aliugeukia ukuta. Akanyoosha kidole kwenye michoro. "Mlipohama kutoka maneno matatu kwenda mawili, aliyekuwa 'Yuko' mlimfanya nini?"

"Akawa 'Hayupo'."

"Na aliyekuwa 'Yumo'?"

"Akawa 'Yupo'. Mtu akiwa anafundisha si yupo..." Msanifu alikatika katikati. "Ala."

"Kwa hiyo Yupo hii tunayoililia inawezekana ni Yumo."

"Inawezekana. Lakini kipindi gani cha wiki nzima?"

"Ndicho ninachokuuliza. Kipindi kinafungwaje?"

"Kwenye sura mpya kinajifunga chenyewe. Kile cha zamani kinafungwa na mwanafunzi. Mwalimu hawezi. Ngeli ndiye aliyetaka hivyo. Alisema mwalimu hana haki ya kutangaza kuwa somo limekwisha mpaka mwanafunzi akiri kwamba ameelewa. Kitufe chenyewe kiliandikwa hivyo, 'Nimeelewa'. Mwanafunzi akikibonyeza, mwalimu anatoka kwenye Yumo, anaingia kwenye Yuko."

"Asipokibonyeza?"

"Kipindi kinaendelea. Hata mwaka."

"Ingia basi ndani ya mtambo unitazamie mwanafunzi ni nani."

"Siwezi. Mimi ni wa sura tu, afande. Nimepaka nyumba rangi. Misingi ni ile ile ya zamani, ila ufunguo wa huko ndani anao bosi."

Ufunguo wa jengo, bosi. Ufunguo wa mtambo, bosi. Kobe alizikunja hizo mbili akaziweka mfukoni mwa akili, bila haraka. Funguo si dhambi. Kila bosi anazo.

"Na bosi wako ni mtu wa namna gani?"

Msanifu aliutazama mlango kwanza. "Si mbaya. Ana aibu. Amesomea ughaibuni tangu utotoni, Kiswahili kilikuwa kinamtoa jasho. Tulikuwa tunamcheka chini chini. 'Kitabu iko', 'mtoto iko'. Mwenye kampuni ya kufundisha watoto wa watu! Lakini siku ya uzinduzi, mbele ya wageni wote, kapanda jukwaani kateremsha Kiswahili kilichonyooka mpaka tukapiga makofi tumesimama. Hatukujua kakipata wapi."

Bosi mwenyewe, mkurugenzi wa Kibao, aliingia bila kubisha, kwa kuwa ofisi zote zilikuwa zake. Suti ilimkaa vizuri, viatu vilimkaa vizuri, na tabasamu nalo lilikuwa limepigwa pasi.

"Karibu sana, Inspekta. Uniwie radhi kwa zile ngazi."

"Ngazi tumezoeana. Mwalimu Ngeli ulimfahamu kwa kiasi gani?"

"Salamu tu. Tuna walimu wengi mno."

"Hamkuwahi kukutana nyinyi wawili, nje ya vikao?"

"Kwa lipi? Yeye mtu wa sarufi. Mimi hizo po, ko, mo zilinishinda tangu utotoni."

"Siku ya mkesha wa uzinduzi, ndiyo siku aliyopotea, ulikuwa wapi jioni?"

"Hapa. Nilikuwa nikiipitia hotuba yangu."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Mama yake amekaa hapo chini. Nikimshukia nimwambie nini?"

Mkurugenzi alishusha pumzi kwa upole wa mtu mwenye shughuli nyingi. "Mwambie ukweli. Nukta inawaka, mtu yupo. Mtu mzima akiamua kujificha, Inspekta, mwacheni humo humo alimo. Atatoka mwenyewe akichoka."

Kobe aliacha kuchezea kalamu yake. Tangu jalada lile lifunguliwe alikuwa amewahoji majirani, wanafunzi, mwalimu mwenzake, mwenye duka la pembeni. Wote, mmoja baada ya mwingine, walisema neno moja: huko aliko. Mungu amlinde huko aliko. Huko aliko anajua tunamtafuta. Ndivyo anavyosemwa mtu asiyejulikana alipo. Huyu peke yake ndiye aliyemtia Ngeli ndani ya kitu. Tena mtu aliyeshindwa na mo tangu utotoni alikuwa amezitaja tatu kwa mkupuo, humo, humo, alimo, na ulimi haukujikwaa hata kwenye moja.

"Kiswahili chako kimenyooka, mkurugenzi. Mwalimu wako nani?"

"Nasoma magazeti," alijibu, upesi kuliko swali lilivyotaka.

"Hongera. Mimi nasoma polepole." Kobe alitoa simu yake mfukoni. Ilikuwa simu ya miaka, kioo kina ufa, tumbo limejaa picha za kitindamimba wake kuanzia siku ya kwanza ya shule. Kila ilipoambiwa ipokee toleo jipya la chochote ilijibu haina nafasi, naye hakuwa na moyo wa kufuta hata picha moja. "Mwanangu alikuwa anasomea hisabati humu kabla ya kwenda bweni. Binti, nisaidie macho. Hiki si Kibao chenu?"

Msanifu aliinama juu ya simu. "Mungu wangu. Hii ni sura ya zamani. Nilidhani haipo tena duniani."

"Simu ni kobe kama mwenyewe. Mtafute Ngeli."

Picha ilikuja taratibu, kuanzia nywele, kisha miwani, kisha lile tabasamu. Kando yake palikuwa na nukta ya rangi ya chungwa. Sauti ikatoka, ile ile, ila ya miaka ya nyuma na changa kidogo, ikasema kwa furaha: "Karibu. Mwalimu yumo."

Juu ya meza, simu moja ya majaribio ikaamka yenyewe kama inayojibu: Mwalimu yupo.

"Hitilafu," mkurugenzi alisema. "Toleo hilo limekufa."

"Limekufa lakini linasema. Kwa hiyo kuna kipindi hakijafungwa, na kuna mwanafunzi ambaye bado hajakubali kwamba ameelewa." Kobe alimgeukia msanifu. "Akikifunga sasa hivi, je?"

"Kinatoka kwenye vipindi vilivyo wazi, afande. Kukipata tena inabidi kuchimba."

"Basi tuombe kisifungwe kabla sijarudi na kibali cha mahakama. Binti huyu naondoka naye akaandikishe maelezo. Wewe, mkurugenzi, tusubiri hapa hapa."

Aliinuka akashika njia, akilalamikia magoti yake. Ukweli ni kwamba kibali kingeweza kungoja mpaka kesho. Alichokihitaji ni mtu mwenye hofu aachwe peke yake na simu yake. Njia ya mwongo ni fupi, nayo huwa fupi zaidi akidhani hatazamwi.

Walishuka taratibu, Kobe mbele na simu yake mkononi, kioo kikiwaka, nukta ya chungwa mahali pake. Msanifu alifuata, mikono yote miwili ikiteleza juu ya ukingo wa ngazi. Alikuwa na woga, na mwenye woga husema ili asisikie kimya.

"Afadhali hizi ngazi kuliko ile lifti," alisema. "Ilikuwa na kichaa. Unabonyeza, mlango unafunguka, lifti yenyewe haijafika. Unachungulia unaona giza mpaka chini. Wote tulimwambia bosi mtu atakuja kuingia bila kuangalia. Hasa jioni, taa za ukumbini zikiwa zimezimwa."

Kobe alisimama, na safari hii hakusimama kupumzika. Mambo yalimjia moja moja, kwa mwendo wake mwenyewe. Mtu mwenye aibu, mwenye hotuba ya kutoa kesho, anajiandikisha kama mwanafunzi na kumwita mwalimu jioni, jengo likiwa tupu. Mwalimu anafundisha po, ko, mo mpaka zinakaa. Kisha anaaga, anabonyeza, mlango unafunguka. Na asubuhi wageni wanakuja, uzinduzi hauwezi kungoja, na karatasi inabandikwa kwa wino wa kijani. Nani huandika juu ya lifti mbovu kwamba hamna mtu, kama si yule anayejua kwamba mna mtu?

Mwanafunzi alisahau kitu kimoja tu. Kwa yale mahangaiko yote hakukumbuka kubonyeza kwamba ameelewa.

Simu ilimtetemeka kiganjani. Rangi ya chungwa ilififia ikawa kijivu mbele ya macho yao, na neno likabadilika: Yuko.

"Kafunga," msanifu alinong'ona.

Mikono yake ilikuwa juu ya ukingo, myeupe kwa kushika. Waliolijua jambo lile walikuwa watatu. Wawili walikuwa ngazini.

Kobe angefurahi. Mtego ulikuwa umenasa, na kazi yake ilikuwa ni mitego. Lakini wakati ule ule kutoka chini kulipanda sauti ya upole, kila herufi mahali pake, ikigonga kuta za ngazi: "Samahani. Mwalimu hayupo. Kipindi kimekwisha."

Alikuwa amemsahau mama. Ukimfuatilia mwalimu, Kibao hukutangazia akiingia na akitoka, na nani aliyemfuatilia Ngeli kuliko yule aliyemzaa? Yeye Kobe, asiyeruka hata nukta ya maelezo ya shahidi, alikuwa ametega mtego juu ya kichwa cha mama wa watu. Akaanza kukimbia. Wenzake wangemwona zile ngazi anavyozishuka wangemtafutia jina jingine.

Mama alikuwa amesimama kando ya kiti, simu ameishika kwa mikono miwili. Mlinzi alikuwa amevua kofia, hajui aivae au aishike.

"Limebadilika," mama alisema. Hakuwa analia. "Kanisomea yeye mwenyewe. Anasema hayupo."

"Mama..."

"Ngoja, mwanangu. Alikuwa akitoka shule ananikalisha jikoni ananifundisha, mtoto mdogo vile ananisahihisha mimi. Aliniambia, mama, 'hayupo' ni pale unapopajua. Hayupo hapa. Haina maana kwamba hayuko popote." Alimtazama Kobe kwa macho makavu, yenye subira ya kutisha. "Basi nimekubali, hayupo hapa. Niambie yuko wapi."

Kobe aliielekea ile karatasi. Akashika pembe yake moja, akaibandua kwa uangalifu kama kielelezo kinavyotakiwa kubanduliwa, akaikunja. Nyuma yake palikuwa na mlango wa chuma, baridi, wenye mstari mwembamba katikati vinapokutana vipande vyake viwili. Harufu ilipenya kwenye mstari ule. Kanuni zilitaka aseme tusubiri fundi. Zilitaka aseme tusubiri daktari, asitamke neno lisilothibitishwa mbele ya ndugu wa mhusika. Alizijua zote, alizifundisha kwa makuruta.

Juu, mlango ulifunguliwa. Viatu vizuri vilianza kushuka ngazi, vikasita, vikasimama. Kobe hakuinua kichwa. Aliye juu mngoje chini. Njia ya kushuka ilikuwa moja. Ile nyingine alikwishaifunga mwenyewe.

Alimshika mama mkono. Ulikuwa mwepesi na mkavu, na wenye joto la simu.

"Mama," alisema, "yumo."

Mama aliutazama mlango kwa muda mrefu. Asubuhi yote alikuwa ameuegemea kwa bega lake. Akailaza simu juu ya kiti, kioo kikitazama chini, akaweka viganja vyake viwili juu ya chuma pale ambapo karatasi ilikuwa imebandikwa. Kisha akalaza na uso, na kwa mara ya kwanza wiki ile akalia bila kuona haya.